SOMO LA HISTORIA: Ngome ya Yesu kule Mombasa, tulivyoitembelea na watoto na nyanya



Mwaka mmoja, tulipokuwa tukisoma habari za Wareno katika Bahari ya Hindi, mwanafunzi wa kalasi ya tatu aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, hii ngome unayotufundisha, wewe ulishaiona?» Kalasi yote ikacheka. Nilijibu kweli: sijaiona, naifundisha tu sawa vile niliikuta katika kitabu. Swali lile likanikaa moyoni. Basi, katika vakansi kubwa ya mwaka 2018 nilipata njia ya kufika Mombasa, nikaiona. Lakini sikuiona peke yangu. Tulikuwa watu kumi na mmoja: watoto watano, mimi na bibi yangu, dada yangu, mdogo wangu anayekaa kule pamoja na bibi yake, na mama yetu mzazi aliyepita miaka 70. Watoto wanamwita nyanya, na mimi katika somo hili nitamwita vile vile. Kwa sababu ya watu hao somo hili halitakuwa sawa na lile la kitabu.

Safari sitaieleza sana. Tulitoka Kimanga asubuhi, tukapita Bujumbura, tukaenda Kigoma kwa motokari, halafu gari la moshi mpaka Dar es Salaam. Gari lile la moshi linapita njia iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani. Toka Dar tulipanda basi kupitia Tanga, na mwisho feri ya Likoni inayoingiza watu katika kisiwa cha Mombasa. Mtoto wa mwisho alilala njia nzima, akaamka kwenye feri tu, akauliza kama hili ndilo ziwa letu. Tulimwambia aonje mayi. Alionja, akatema, akasema ziwa hili limeharibika.

Kwa mlango

Nyumba za makumbusho zina bei mbalimbali: wenyeji wanalipa yao, wageni wanalipa yao iliyo juu, na watoto wana bei yao. Sisi tulikuwa wageni, kwa maana inchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tu. Nyanya aliposikia hesabu alikaa chini kwa kivuli cha mti, akasema: «Feza hiyo ni mfuko wa unga. Ingieni nyinyi, mimi nitawangoja hapa, nachunga viatu.» Hakuna aliyevua viatu, lakini mnajua wazee. Msichana wetu mkubwa, wa miaka 11, akakataa kabisa. Akasema bila nyanya yeye pia haingii. Mwisho mdogo wangu akatoa feza aliyokuwa ameiweka kwa chakula, na siku ile tulikula mandazi.

Kiongozi aliyetupokea alikuwa mzee wa pwani, mwenye kofia. Akainama mbele ya nyanya: «Shikamoo bibi.» Watoto wakapasuka na kicheko. Yule wa miaka 6 akasema kwa nguvu: «Nyanya si bibi ya huyu baba!» Ilibidi tueleze pande zote mbili. Kwetu bibi ni mwanamke wa mtu. Kwao pwani bibi ni mama ya mama ao mama ya baba, na nyanya pia wanasema. Mzee yule alicheka kuliko watoto, na toka pale alikuwa rafiki wetu. Kiswahili ni kimoja, lakini kila kijiji kimekishona suruali yake.

Ngome ni nini, na kwa nini ilijengwa

Sisi tunajua neno boma, pale mkubwa wa serikali anapokaa. Ngome ni kitu kingine. Ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya vita: kuta nene, mlango mmoja mdogo, mizinga juu, na ndani mahali pa kulala askari, kuweka chakula, baruti na mayi. Huko Ulaya wafalme walijenga za namna hiyo kwa mamia, na watu wanaenda kuzitembelea na watoto wao siku ya kupumzika. Katika Afrika ya Mashariki hii ya Mombasa ni moja ya zile kubwa na za maana.

Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498. Watu wa mji hawakumpenda. Miaka saba nyuma yake, mwaka 1505, Wareno walirudi na merikebu nyingi chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji na kuuchoma moto. Mwaka 1528 wakauteka tena. Hata hivyo hawakukaa. Makao yao makubwa upande huu yalikuwa Malindi. Kilichowafanya wajenge ni woga. Kati ya 1585 na 1589 alifika Mturuki mmoja, Mir Ali Bey, akazunguka miji ya pwani kutafuta watu wa kumsaidia kuwafukuza Wareno. Walimshinda, lakini walielewa kwamba pwani ile haichungwi kwa merikebu zinazokuja na kurudi. Kazi ya kujenga ilianza mwaka 1593, na mwaka 1596 askari walikuwa ndani. Aliyechora mpango wake alikuwa Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mjenzi mkubwa wa mfalme huko Goa, katika inchi ya India.

Jambo la ajabu ni umbo lake. Ukiiangalia kutoka juu, sawa vile ndege anavyoona, ni mtu aliyelala chali. Pembe nne zimetokeza kama mikono miwili na miguu miwili, na upande wa bahari kuna sehemu iliyotokeza, ndiyo kichwa. Wajenzi wa Ulaya wa wakati ule waliamini kwamba mwili wa mtu una vipimo vya haki kuliko vitu vyote, basi majengo yafuate vipimo hivyo. Kiongozi alieleza vizuri, lakini watoto walikuwa wanaangalia mijusi. Ndipo bibi yangu akafanya jambo ambalo mimi mwalimu sikuliwaza. Alimlaza mtoto mmoja chini katika uwanja, mikono na miguu imetanuka, akawaambia wengine wamzunguke: «Hapa ni mkono. Adui anakuja kwa mbavu. Nani anamuona?» Mara moja walielewa.

Na nyinyi fahamuni hivi. Kama ukuta umenyooka tu, adui akifika na kujibana chini yake, askari aliye juu hamuoni mpaka ainamishe kichwa, na akiinamisha atapigwa. Lakini kama pembe zimetokeza nje, askari wa pembe hii anaona mbavu zote za ukuta mpaka pembe ile, na anapiga akisimama salama. Hakuna mahali pa kujificha. Mnaweza kujaribu kwa nyumba ya kalasi yetu: mmoja ajibane kwa ukuta, mwingine atoe macho kwa dirisha la katikati, halafu wa tatu asimame mbele kidogo ya pembe ya nyumba. Mtaona nani anamkamata wa kwanza.

Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yanayomea baharini, na chokaa. Mtoto akipitisha mkono juu yake anaona alama za viumbe vya bahari. Bahari nayo inaidai: mawimbi yamekula chini ya ngome miaka mingi, mpaka serikali ya Kenya ikajenga ukuta mwingine wa kuyazuia.

Jina

Wareno waliiita Fortaleza de Jesus, Ngome ya Yesu. Nyanya alisimama mbele ya mzinga mmoja, akaushika, akauliza: «Nani aliweka jina la Yesu kwa hiki chuma?»

Kiongozi alikohoa. Mimi pia sikuwa tayari. Nikajibu sawa vile nawajibu nyinyi: wakati ule wafalme waliweka majina matakatifu kwa kila kitu walichotaka kisishindwe. Pembe za ngome zilipewa majina ya watakatifu, na merikebu yao iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 iliitwa Santo António de Tanná. (Wazamiaji waliichimbua chini ya mayi kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake tuliviona katika makumbusho.) Jina halikuzuia kuzama. Lakini sisi Waprotestanti tusikimbilie kusema ni mambo ya wale wengine. Kule Ghana iko ngome ya Elmina, Wareno waliijenga mwaka 1482. Mwaka 1637 Waholanzi, Waprotestanti wenye kusoma Biblia, waliichukua, na biashara ya watumwa haikusimama, iliongezeka.

Nyanya alisikiliza yote, akasema tu: «Hm.» Akaondoa mkono wake.

Habari ya Yusuf

Hapa nitakaa zaidi kidogo, maana ni pale watoto walinishinda.

Mfalme wa Mombasa, Hasan, aligombana na kapiteni wa ngome, na mwaka 1614 aliuawa kwa shauri la Wareno. Aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno walimpeleka Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Alijifunza kupiga mizinga na kuongoza merikebu. Alipokuwa mtu mzima walimrudisha Mombasa kuwa mfalme chini yao. Walidhani wamepata mfalme wao wenyewe. Lakini makapiteni walimzarau, na yeye alikwenda kuomba usiku kwa kaburi la baba yake kwa desturi ya Waislamu. Watu walimuona, wakamchongea.

Katika Agosti 1631, siku ya sikukuu, aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayekuja kusalimia. Akamuua kapiteni kwa kisu, na watu wake wakawaua wengine. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliambiwa waache dini yao, waliokataa waliuawa. Mwaka 1632 merikebu zilitoka Goa kumpiga, zikashindwa. Halafu yeye mwenyewe alibomoa alichoweza, akapanda merikebu, akaenda kuwinda merikebu za Wareno baharini mpaka kifo chake. Wareno wakarudi katika ngome tupu. Juu ya mlango liko jiwe la mwaka 1639, kapiteni mmoja amejisifu juu yake kwamba ameitengeneza upya na kuitiisha pwani.

Kijana wangu wa miaka 9 alikuwa amenyamaza. Halafu akauliza: «Baba, Yusuf alikuwa muzuri ao mubaya?»

Nikasema: walimuua baba yake.

«Na wale aliowaua, njo waliua baba yake?»

Nikahesabu: toka 1614 mpaka 1631 ni miaka 17. Nikamwambia hapana, wengi hawakuwemo. Watoto waliokufa siku ile walikuwa hawajazaliwa baba yake alipouawa.

«Sasa?» akasema.

Nilikuwa na kitabu kichwani, nilikuwa na diploma nyumbani, na sikuwa na jibu. Nyinyi wa Uvira mnajua kwa nini sikuongeza neno. Mdogo wangu alitaka kunisaidia, akaanza kusema kwamba zamani watu walikuwa hawajaendelea. Nilimkata. Si kweli, na mtoto angejua siku moja kwamba tulimdanganya.

Mayi

Nyuma ya hapo kiongozi alitupeleka kwa kisima. Tangu mwanzo nyanya alikuwa akiuliza jambo moja tu: «Hawa watu walikuwa wanakunywa mayi ya wapi?» Sisi tulikuwa tunahesabu mizinga, yeye alikuwa anatafuta mayi.

Kisima kipo, ni kirefu sana, lakini mayi yake ni ya chumvi. Yanafaa kufulia tu. Ya kunywa walikinga ya mvua katika birika kubwa la mawe. Fikirini basi mvua ikikosa, na adui yuko nje.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika Machi 1696 majeshi ya Oman, yaliyotumwa na Imamu Saif bin Sultan, yalifika na kuizunguka. Ndani walikuwamo Wareno wachache, hata mia hawakufika, na watu wa pwani zaidi ya elfu, pamoja na wanawake na watoto waliokimbilia ndani. Adui hakuhitaji kuvunja ukuta. Alingoja. Merikebu za kusaidia zilifika mara chache, zikaleta chakula na askari, na ugonjwa pia ukaingia. Watu walikufa kwa ugonjwa kuliko kwa risasi. Kuna wakati katika mwaka 1697 ambapo wakubwa Wareno walikuwa wamekufa, na aliyeongoza ngome alikuwa Mwafrika wa pwani, Bwana Daud wa Faza, yeye na watu wake. Jina lake halijulikani sana mashuleni, na mimi naona ni kosa. Liandikeni katika madaftari. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta. Waliokuwa hai kati ya walinzi walikuwa watu wachache mno, ishirini hawakufika. Vita vilikuwa vimekaa miezi 33. Siku chache tu nyuma ya hapo merikebu za msaada zilionekana baharini, zikaona bendera ya wengine juu ya ngome, zikageuka.

Nyanya aliuliza wanawake walikuwa wangapi. Kiongozi akasema vitabu havikuwahesabu. Nyanya akakaa kwa ukingo karibu na kisima, akasema tumuache apumzike. Alikaa pale karibu saa nzima, mtoto wa mwisho amelala mapajani mwake. Tulidhani ni magoti yake.

Kosa letu, na michoro ya ukutani

Ni lazima niseme pia pale tulipokosea. Mtoto wa dada yangu, wa miaka 4, alikataa kupita mbele ya mizinga. Sisi tulitaka foto ya jamaa yote pamoja na mzinga mkubwa. Tukamvuta mkono, tukamcheka, tukamwambia mzinga umekufa zamani. Alilia mpaka akatapika. Dada yangu ndiye aliyekumbuka: mtoto huyu mwaka uliopita alikuwa amelala chini ya kitanda usiku mzima wakati risasi zilikuwa zinalia kwetu. Yeye hakuogopa kitu cha miaka 400. Aliogopa kitu cha mwaka jana. Tulimpitisha nyuma, na foto tulipiga kwa mlango, bila mzinga. Ni ile iliyobandikwa ofisini. Wengi mmeuliza kwa nini tumesimama karibu na ukuta mtupu.

Yule yule aliponyoka machozi, alipenda kitu kimoja kuliko sisi sote. Ni kipande cha ukuta ambacho askari na mabaharia Wareno walichora zamani, kwa makaa na rangi nyekundu: merikebu, samaki, watu, kanisa. Si kazi ya mafundi. Ni michoro ya watu waliokuwa mbali na kwao, wamechoka kungoja. Mtoto akauliza: «Hawakuwapiga kwa kuchafua ukuta?» Kiongozi akajibu kwamba labda waliwapiga, lakini leo tunalipa feza kuja kuona uchafu wao. Kwa jibu hilo mtapata shida na prefe mkinitaja, basi msinitaje.

Maneno waliyotuachia

Ndani ya ngome lilikuwamo kanisa. Kwa Kireno kanisa ni igreja. Wataalamu wa lugha wanasema watu wa pwani walilichukua neno hilo wakaliita gereza, na kwa kuwa kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye ikafungiwa watu, gereza limekuwa jina la mahali pa wafungwa. Sisi huku tunasema boloko. Kweli Waingereza walifanya ngome hii kuwa gereza toka 1895 mpaka 1958. Waafrika wengi wa Kenya walioijua waliijua kutoka ndani, si kwa tikiti. Mwaka 1958 iliwekwa kuwa mahali pa kumbukumbu, wachimbaji wakiongozwa na James Kirkman wakaanza kuichunguza, na nyuma kidogo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 Unesco iliiandika katika urithi wa dunia.

Maneno mengine ya Kireno mnayatumia kila siku bila kujua. Meza ni yao, leso ni yao, karata, mvinyo, kasha. Bendera tunayoipandisha asubuhi, jina lake ni la Kireno. Na si maneno tu. Muhogo haukuwa chakula cha Afrika. Ni wa Amerika ya Kusini. Merikebu za Wareno ndizo zilizouleta huku, na muhindi vile vile. Msichana wetu mkubwa hakukubali kabisa. «Sasa zamani pale Kimanga walikula bugali ya nini?» Nikamwambia ulezi na mtama. Alisikitika kwa ajili yao.

Inatuhusu nini sisi wa ziwani?

Hapa lazima tuwe na akili, tusivute historia kwa nguvu. Mombasa haikuwa mlango wetu. Njia ya watu wa pwani kuja kwetu ilitoka Bagamoyo, mbele ya Unguja, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, halafu mitumbwi ikapanda kaskazini mpaka Uvira. Burton na Speke walipofika Uvira katika Aprili 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshafika, wakinunua pembe na watu. Livingstone na Stanley walipopita mwisho wa ziwa katika Novemba 1871, kuona kama Ruzizi inaingia ao inatoka, walikuta vile vile. (Inaingia, sawa vile mvuvi yeyote wa Kavimvira angewaambia.)

Lakini fuateni kamba. Waomani walipoiteka Mombasa mwaka 1698 ndipo nguvu ya Wareno kaskazini ya Msumbiji ilivunjika. Walirudi kidogo katika 1728, wakafukuzwa katika 1729. Halafu ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa karibu miaka mia moja, mpaka Sayyid Said wa Oman alipowaondoa mwaka 1837. Huyo Said ndiye aliyehamisha makao yake kwenda Unguja, na wakati wake biashara ya pembe na watumwa iliingia bara kwa nguvu mpya, Tabora, Ujiji, mpaka kwetu. Kiswahili tunachoandika katika gazeti hili kilikuja kwa njia ile ile waliyopita waliofungwa minyororo. Na kule Mombasa, mwaka 1844, mmisionari Krapf alimzika bibi yake na mtoto wake mchanga miezi michache tu baada ya kufika, akabaki, akaandika kamusi ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1882. Yote hayo kwa pwani moja.

Ukipewa kazi ya kuwaongoza wadogo

Wengi wenu ni wakubwa nyumbani, na siku moja mtapelekwa na wadogo zenu kuona mahali pa zamani, kama si ngome basi jiwe la Mugere karibu na Bujumbura, ao Ujiji. Mimi nilijifunza hivi. Nendeni asubuhi, saa sita jua la pwani linapiga kichwa na mtoto hasikii tena tarehe. Chukueni mayi. Msieleze kila chumba: watoto wetu walikumbuka vitu vitatu tu, kisima, michoro na mtu aliyelala chali, na inatosha. Msiwadanganye juu ya damu, lakini msiwaonyeshe yote pia. Angalieni nyuso zao. Na mzee mliye naye msimwache kwa mlango. Mimi karibu nilimwacha, kwa kuhesabu feza.

Usiku ule, nyumbani kwa mdogo wangu, umeme ulikatika. Watoto walikuwa juu ya mkeka. Nyanya akaanza kusema bila kuulizwa. Katika Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, mimi nilikuwa mbali, katika enterna; yeye alitoka Kimanga na wadogo zangu watatu na sufuria moja. Walitembea kando ya ziwa kwenda upande wa Fizi, wakapata mtumbwi wa kuvuka, wakafika Kigoma, halafu kambi ya Nyarugusu. Watatu walitoka, wawili walifika. Mimi nilijua hesabu hiyo kwa miaka 22. Habari yenyewe sikuwa nimeisikia, wala sikuuliza. Alisema kolera ilikuwa katika mayi, na walijua, na walikunywa kwa sababu hapakuwa na mengine. «Wale mama wa ngome walikuwa na mayi ya chumvi,» akasema. «Sisi tulikuwa na ziwa zima.»

Kijana wa miaka 9 akamuuliza yule wa tatu alikuwa nani jina lake. Nyanya akamwambia. Ni jina la kijana mwenyewe.

Maswali (mjibu katika daftari, mlete Alhamisi)

1. Chora ngome yenye pembe nne zilizotokeza, na onyesha kwa mishale askari wa kila pembe anaona wapi.

2. Kwa nini Waomani walingoja miezi 33 badala ya kuvunja ukuta? Tumia neno mayi katika jibu lako.

3. Tafuta maneno mengine matatu tunayotumia nyumbani yaliyotoka katika lugha za wageni, na useme ni wageni gani.

4. Jibu swali la mtoto: Yusuf alikuwa mzuri ao mbaya? Jibu la «ndiyo» ao «hapana» peke yake halitapata pwe.

5. Uliza mzee mmoja wa nyumbani kwenu alikuwa akichota mayi wapi mwaka 1996. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Andika tu kwamba uliuliza.